Kodi ya Ploti kwa Ajili ya Shule: Pesa Zitaingia Mfuko Gani?

"Nina nyumba Umoja, hapa Nairobi, ambayo marehemu mume wangu aliinunua kwa kulipa polepole kutoka City Council. Nyuma tulijenga vyumba vinane vya kupangisha, na ndivyo vinavyonilisha tangu nistaafu. Mwezi uliopita chama chetu cha wakazi kilizungusha karatasi ya kutiwa saini. Wanataka kaunti iongeze kodi ya ploti kwa 0.05 ya asilimia na pesa hizo ziende kwa shule za umma, maana darasa la mjukuu wangu lina watoto zaidi ya 80 na vyoo vyake ni aibu. Binti yangu aliye Texas anasema huko ndivyo wanavyofanya, na shule zao zinapendeza. Jirani yangu naye anasema nikitia saini watakuja kuhesabu vyumba vyangu, wanitoze kama mwenye ghorofa, nikishindwa kulipa waiuze nyumba. Na tayari KRA, mamlaka ya kodi ya taifa, inanikata kila mwezi. Nitie saini au nisitie?"

Mama, nianze na jirani yako, maana ndiye aliyekunyima usingizi.

Kodi unayolipa kaunti kila mwaka, ile ambayo wengi tunaiita rates, haihesabu vyumba. Hapa Nairobi inatozwa kwa thamani ya ardhi tupu. Mimi nimefanya kazi ya kuthamini ardhi kwa miaka mingi, na tunapoandaa daftari la thamani tunaiangalia ploti yako kana kwamba haina hata tofali moja juu yake. Tunatazama ukubwa wake, iko mtaa gani, iko mbali au karibu na barabara, na ploti za jirani zinauzwa bei gani. Mtu mwenye ploti kama yako pale kando, aliyeiacha iote magugu akisubiri bei ipande, anapaswa kulipa sawa na wewe uliyejenga. Wengi huliona hilo kuwa dhuluma, lakini limefanywa kwa makusudi, ili anayejenga asiadhibiwe na anayekalia ardhi bila kuitumia asistarehe.

Nisikufiche kwamba sheria zetu za kodi hii, tangu zile za zamani, zimekuwa na mlango wa kutoza majengo pamoja na ardhi. Sheria mpya ya taifa iliyopitishwa 2024 ilichukua nafasi ya zile mbili tulizozizoea, na ni vizuri kuisoma pamoja na sheria ya fedha ya kaunti kila mwaka. Lakini mlango huo haufunguliwi na saini yako kwenye karatasi ya mtaa. Kubadilisha msingi wa kodi kunahitaji uthamini mpya, sheria, na vikao vya maoni ya umma. Jirani yako ameunganisha mambo mawili yasiyokaa pamoja.

Nadhani alichochanganya ni kodi tatu, na hayuko peke yake. Ya kwanza ni hiyo ya kaunti. Ya pili ni pango la ardhi, linalolipwa kwa kawaida serikali kuu na wale ambao hati zao ni za kukodi kwa miaka 99 au muda mwingine uliowekwa. Ya tatu ni kodi ya mapato ya nyumba za kupangisha, ndiyo hiyo inayokatwa na KRA. Hiyo ya tatu ndiyo inayojua una vyumba vingapi. Kwa mwenye nyumba ambaye mapato yake ya pango yanazidi shilingi 288,000 kwa mwaka na hayajafika milioni 15, kiwango ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024. Kabla ya hapo kilikuwa 10. Ukikusanya, tuseme, 36,000 kwa mwezi, KRA inachukua 2,700. Kwa mwaka hizo ni 32,400, na shilingi hata moja kati yake haiendi City Hall, makao ya kaunti.

Sasa tuje kwa hesabu ya pendekezo lenyewe. Kiwango ambacho Nairobi imekuwa ikikitumia tangu ihamie thamani mpya za ardhi ni 0.115 ya asilimia. Chukua mfano wa ploti ambayo ardhi yake imethaminiwa shilingi 4,000,000: kodi ya mwaka ni 4,600. Ukiongeza 0.05 ya asilimia, zinapanda shilingi 2,000, jumla 6,600. Ukizigawa hizo 2,000 kwa vyumba vinane na miezi 12, unapata kama shilingi 21 kwa chumba kwa mwezi. Nakuandikia hesabu hii pia kwa sababu nawajua wenye nyumba wenzako. Kodi ya ploti ikipanda hata kidogo, kuna atakayempandishia mpangaji 500 na kusema "ni kaunti". Hiyo si kaunti, ni yeye. Kodi ya chumba Umoja hupangwa na idadi ya vyumba vilivyo wazi na mifuko ya wanaovitafuta, na mwenye nyumba anayejaribu kumbebesha mpangaji kila kitu atabaki na chumba kitupu.

Usishtushwe wala usifarijiwe na asilimia peke yake. Kwa karibu miaka 40 jiji hili lilitoza kwa thamani za mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kiwango kikafika asilimia 34. Watu waliposikia 34 imeshuka hadi 0.115 wakadhani wamesamehewa. Lakini ploti iliyoandikwa 40,000 kwenye daftari la zamani ililipa 13,600 kwa asilimia 34, na ploti hiyohiyo ikithaminiwa upya kwa milioni 20 italipa 23,000 kwa 0.115. Kila mtu anapokutajia asilimia, muulize ni asilimia ya nini, na imethaminiwa lini.

Kwa hiyo, kwa upande wa mfuko wako, pendekezo hili halitakufilisi. Na kuna namba moja inayonifanya nilionee huruma. Mgao wa serikali kwa mtoto wa shule ya msingi, tangu tulipoanza kusema elimu ni bure mwaka 2003, umefika shilingi 1,420 kwa mwaka. Nyongeza yako ya 2,000 inazidi pesa ambazo serikali inamtengea mjukuu wako kwa mwaka mzima. Ndiyo maana wazazi wanaitishwa pesa za mlinzi, za chaki, za mtihani wa mazoezi, na mwalimu mkuu anaonekana mwizi hata pale ambapo ni fundi wa kuziba mashimo tu. Waliouandika ule waraka hawakukosea kuhusu tatizo.

Nilipousoma kwa jicho la kazi yangu niliona neno moja limepitiwa haraka, nalo ni "shule za umma". Shule zipi?

Katiba ya 2010 iligawa kazi. Kaunti ilipewa chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Shule za msingi, za sekondari na za elimu maalum zikabaki kwa serikali kuu, na walimu wake wakabaki chini ya TSC, tume ya taifa ya kuajiri walimu. Kifungu cha 209 kinaipa kaunti haki ya kutoza kodi ya ardhi na majengo, haki hiyo haina ubishi. Lakini haki ya kukusanya si ruhusa ya kutumia popote. Kaunti ikitaka kujenga darasa la 5 katika shule ya mjukuu wako, inaingia kwa nyumba ya mwenzake, na inahitaji makubaliano ya maandishi kati ya serikali hizo mbili. Bila hayo, mkaguzi atauliza, na pesa zitalala benki huku watoto wakiendelea kubanana.

Sio nadharia. Januari 2025, Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, alizitumia kaunti waraka akizitaka ziwe na makubaliano kama hayo kabla ya kutoa pesa za basari kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo vikuu, kwa kuwa hiyo ni kazi ya serikali kuu. Magavana walikimbia mahakamani na waraka ukasimamishwa. Katikati ya vuta nikuvute hiyo kulikuwa na wazazi waliokuwa wanangoja hundi huku shule zimefunguliwa. Ukianzisha kodi mpya juu ya msingi uleule wenye ufa, utegemee ugomvi uleule.

Na kizazi chako, mama, kina sababu ya kushangaa. Nyinyi mnakumbuka "shule za City Council". Sheria ya mwaka 1969 ya kuhamisha kazi ilizinyang'anya county councils za mashambani shule za msingi, afya na barabara, lakini miji mikubwa, Nairobi ikiwemo, iliachiwa shule zake. Kwa miongo mingi jengo, dawati, rangi ya ukuta na karani wa shule vilikuwa mikononi mwa City Hall, ingawa mwalimu alilipwa na TSC. Na mfuko wa City Hall ulijazwa, pamoja na mengine, na kodi hii hii ya ploti. Kwa hiyo wazo la mwenye ploti wa Nairobi kusomesha mtoto wa Nairobi halikuletwa na ndege kutoka Texas. Lilikuwepo hapa, likaondoka kimyakimya mfumo wa ugatuzi ulipoanza 2013, na sijui watu wengi waliogundua.

Kuhusu binti yako, amesema kweli, ila nusu. Marekani, sehemu kubwa ya pesa za shule hutoka kwa kodi ya nyumba na ardhi inayotozwa na wilaya ya shule, na wilaya hiyo ina bodi yake inayochaguliwa na wakazi. Anaona shule yake inapendeza kwa sababu anaishi mahali ambapo nyumba zina bei. Aulize habari za Edgewood, mtaa wa watu wa kipato cha chini huko San Antonio, katika Texas hiyohiyo. Wazazi wa huko walitozwa kwa kiwango cha juu kuliko majirani zao matajiri wa Alamo Heights, na bado walikusanya pesa chache kwa kila mtoto, kwa kuwa nyumba zao zilikuwa za bei ya chini. Walishtaki, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1973 wakashindwa kwa kura 5 dhidi ya 4. Ilibidi warudi kwenye mahakama za jimbo lao, na ndipo baada ya miaka mingi, mwaka 1993, Texas ikaweka utaratibu wa kuchukua sehemu ya kodi ya wilaya tajiri na kuwapa wengine. Mpaka leo wanaugombania.

Ihamishe picha hiyo hapa. Ardhi yenye bei iko Karen, Muthaiga, Lavington, Westlands, na watoto wengi wa huko wanapelekwa na basi la shule ya kibinafsi. Watoto wanaobanana wako Mathare, Kibera, Mukuru, Korogocho, ambako sehemu kubwa ya ardhi haina hati ya mtu wa kawaida na kwa hiyo haimo kwenye daftari la kulipa. Kama waraka wenu unasema pesa za Umoja zibaki Umoja, basi Karen itapata vyoo vya marumaru na Mathare haitapata hata mfuniko. Kama unasema pesa zote ziende mfuko mmoja wa jiji na zigawiwe kwa hesabu ya watoto, hapo mimi nakuwa upande wenu. Hizo ni kodi mbili tofauti hata kama asilimia ni ile ile. Sisi tuna kitu ambacho wazazi wa Edgewood hawakuwa nacho, Kifungu cha 53 cha Katiba kinachosema wazi kwamba kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sijui kwa nini waraka haukukitaja.

Mfuko sasa. Kwa kawaida kila senti inayokusanywa na kaunti huingia katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti, kwa mujibu wa Kifungu cha 207, na haitoki bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Ndani ya mfuko huo pesa hazina majina. Shilingi 2,000 zako za shule zitakutana mle na ada za kuegesha magari na leseni za biashara, na siku ambayo mishahara imechelewa au wanakandarasi wa zamani wamepiga kambi City Hall, huwezi kusema "hizi ni za vyoo, msiziguse". Ndicho ninachokihofia kuliko kiwango chenyewe.

Dawa ipo, na imewahi kutumika. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria inayoruhusu hospitali za umma kubaki na pesa zinazokusanya badala ya kuzitumbukiza kwenye mfuko wa kaunti na kuziomba upya. Pia sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inaipa kaunti nafasi ya kuanzisha mfuko maalum, Bunge la Kaunti likiidhinisha, wenye msimamizi wake na hesabu zake za kukaguliwa. Waraka wenye maneno "pesa ziende kwa shule" bila kutaja mfuko wa namna hiyo ni ombi la kuongezewa kodi tu, shule ni pambo lake.

Halafu kuna jambo ambalo naona haya kulisema mbele ya watu waliokuja na nia njema, lakini kazi yangu hainiruhusu kulinyamazia. Kaunti yenyewe imekiri hadharani kwamba wanaolipa kodi ya ploti ni kama mmoja kati ya watano. Wewe ni huyo mmoja. Nyongeza ya 0.05 itakufikia wewe, na wale wanne wataendelea kulala. Serikali kuu nayo, ambayo ina ardhi kila kona ya jiji hili, inapaswa kulipa mchango badala ya kodi, na deni lake kwa Nairobi limekuwa wimbo wa kila gavana. Ningekuwa mwenyekiti wenu, ningeanza hapo. Wakipatikana wawili tu kati ya wale wanne, makusanyo yanaweza kupanda kuliko yatakavyopanda kwa hiyo nyongeza, na hutaguswa. Ingawa nakubali kwamba maneno "tukusanye madeni kwanza" yamekuwa kichaka cha kila mtu asiyetaka kulipa chochote, na mtoto wa darasa la 2 hangoji deni likusanywe.

Kuna ambacho kaunti inaweza kukifanya leo bila kumwomba mtu ruhusa. Inaweza kujenga madarasa ya chekechea na kuajiri walimu wake, na chekechea nyingi ziko ndani ya uwanja uleule wa shule ya msingi, zikishiriki vyoo na maji vilevile. Mpango wa chakula wa Dishi na County, ulioanza 2023, unamlisha mtoto kwa shilingi 5 za mzazi, na hauishii kwa wa chekechea pekee. Na kwa kipimo cha gharama, serikali kuu ilipojenga madarasa ya mtaala mpya kabla ya sekondari msingi kuanza, darasa moja lilitengewa takriban shilingi 788,000. Hizo ni nyongeza za 2,000 kutoka ploti 394 kama yako. Umoja peke yake haikosi ploti 394. Kwa hiyo sikuambii ni ndoto.

Juu ya saini, jibu langu ni: isubiri. Warudishie waraka na uwaombe waandike ni shule zipi, mfuko upi, utagawiwa kwa kipimo gani, na makubaliano na Wizara ya Elimu yatatiwa saini na nani kabla ya kodi kuanza. Waombe pia waweke nafuu kwa wazee wasio na mapato. Kifungu cha 210 kinaruhusu msamaha wa kodi ilimradi uandikwe pamoja na sababu zake, usiwe wa kunong'onezana. Kisha wakati wa kupigia kelele jambo hili ni kuanzia Februari, kaunti inapoweka mwelekeo wake wa fedha, hadi Mswada wa Fedha utakapojadiliwa baada ya bajeti. Maoni ya maandishi yapelekwe kwa Karani wa Bunge la Kaunti, nakala ibaki kwako ikiwa imepigwa muhuri wa kupokelewa. Kumwambia MCA, mwakilishi wa wadi yako, kwenye mazishi hakuhesabiki.

Limebaki moja ambalo hukuliuliza, na ndilo lililonifanya nikuandikie kwa urefu. Umesema nyumba aliinunua marehemu. Je, hati iko kwa jina lake bado? Kodi ya ploti ambayo haijalipwa hukaa juu ya ardhi, haifi na mtu, na huongezeka kwa riba. Hawawezi kuja asubuhi moja wakaiuza nyumba kwa sababu umechelewa mwaka mmoja. Kuna notisi, kuna mahakama, na kabla ya hapo wanaweza hata kutaka pango la wapangaji lilipwe kwao. Lakini mwenye jina lisilo kwenye hati hupata shida kujitetea katika kila hatua ya hizo, na hutaweza kumwachia mtoto wala kuuza bila cheti kwamba hakuna deni la kodi. Hili si la kumalizwa kwa kusoma makala. Nenda kwa wakili wa mirathi ukiwa na cheti cha kifo, cheti cha ndoa, karatasi za mauzo za City Council na risiti zote ulizonazo, hata zile zilizofifia. Kama hati haikuwahi kutolewa, na nyumba nyingi za mpango ule wa kulipa polepole ziko hivyo, pitia kwanza idara ya ardhi ya kaunti uone rekodi inasema nini, kisha Ardhi House, makao ya wizara ya ardhi. Na kama umepata barua yoyote ya madai yenye namba ya kesi, usingoje wiki ijayo.

Ukifika kwenye kaunta ya kodi, omba wakuchapishie taarifa ya ploti yako inayoonyesha namba ya ploti, thamani iliyoandikwa na deni kama lipo, uilinganishe na hesabu niliyokufanyia hapo juu. Nimewahi kukuta mama mmoja Eastlands ambaye kwa miaka sita alikuwa analipia ploti ya jirani.